SOMO: Binti anataka kusomea nyota, baba anasema huo ni unajimu



Wiki hii ya Tokeo la Bwana, Mamajusi wakiwa bado wamesimama pale kwenye pango la Noeli, nimepata ujumbe wa binti mmoja aliyemaliza kidato cha sita, tahasusi ya PCM. Ameniruhusu niuweke hapa bila jina lake. Anasema: "Kaka, nataka kwenda chuo kusomea astronomia na astrofizikia. Baba amekataa. Ametoa sababu tatu. Kwanza, huo ni unajimu na Kanisa limeukataza. Pili, wasomi wa anga huishia kutomwamini Mungu. Tatu, hakuna kazi. Nimemjibu ile ya kwanza tu, na hata hiyo sikuijibu vizuri. Ada ni yake. Nifanyeje?"

Mdogo wangu, nakuelewa kuliko unavyodhani. Mimi nilisoma fizikia chuoni, leo nafundisha. Siku nilipomwambia mzee wangu kwamba napenda habari za nyota aliniuliza swali moja: "Utakula nyota?" Sikuwa na jibu. Kwa hiyo somo la leo ni lako, ila na wengine mkae mkao wa kusikiliza, maana najua humu kuna wengi wenye baba wa namna hiyo.

Tuanze na unajimu. Hapo usimlaumu baba, lugha yetu wenyewe imetuponza. Neno hilo moja tumelitumia kwa yule anayepima umbali wa nyota na kwa yule wa redioni anayekuambia wiki hii utapata mchumba kwa sababu wewe ni Ng'e. Baba akisikia "kusomea nyota" anamwona huyo wa pili. Na huyo wa pili Kanisa limemkataa kweli: soma Katekisimu namba 2116, inataja wazi kupiga falaki na kutazama nyota ili kujua yajayo. (Na nyie mnaosoma "nyota yako" kila asubuhi kwenye simu mkisema ni utani tu, namba hiyo hiyo inawahusu.)

Lakini tazama tofauti. Mnajimu anaiuliza nyota: kesho yangu ikoje? Mwanaastronomia anaiuliza: wewe umetengenezwa kwa nini, uko mbali kiasi gani, una joto gani, utaisha lini? Halafu lazima aoneshe hesabu yake ili mwingine aikague. Akikosea anasahihishwa hadharani. Mnajimu umewahi kumwona anasahihishwa?

Tena Kanisa halikuwahi kuweza kuishi bila hesabu za anga. Pasaka ni Jumapili baada ya mwezi mpevu unaofuata tarehe 21 Machi, ile inayohesabiwa kuwa siku ya usiku na mchana kulingana. Kufikia karne ya 16 kalenda ilikuwa imeachana na jua kwa siku 10. Papa Gregori wa XIII akawaita wataalamu, miongoni mwao Mjesuiti Christopher Clavius, na mwaka 1582 watu wa nchi zilizofuata agizo hilo wakalala tarehe 4 Oktoba, wakaamka tarehe 15. Siku unayopakwa majivu kila mwaka imetoka kwenye hesabu hiyo. Papa Leo wa XIII naye aliianzisha upya Vatican Observatory mwaka 1891, na mpaka leo ina makao yake Castel Gandolfo na darubini ya mita 1.8 kule Mlima Graham, Arizona. Mwambie baba hivyo. Mwambie pole pole, siyo kwa kumshinda.

Chuoni unasoma nini hasa?

Hapa nataka nikae, kwa sababu hata wewe binti nahisi bado hujajua unachokiomba. Wengi wanadhani ni kukaa usiku kwenye darubini unatazama pete za Zohali. Mwaka wa kwanza huenda usiione darubini kabisa. Utaona kalkulasi: kudiferenshieti na kuintegreti mpaka uote ndotoni. Utaona mekanika, mawimbi, sumaku-umeme, na kuandika programu za kompyuta, mara nyingi kwa Python. Mwaka wa pili inakuja kwantamu na themodinamikia. Nyota zenyewe, yaani muundo wake, galaksi na historia ya ulimwengu, zinakuja zaidi mwaka wa tatu na kuendelea, wakati wenzako wengi wameshahama kozi.

Mbona mateso yote hayo? Kwa sababu nyota huwezi kuishika. Mwanakemia ana chupa yake, daktari ana mgonjwa wake. Wewe una mwanga tu. Kila unachotaka kukijua lazima ukikamue kutoka kwenye mwanga, na kikamulio chenyewe ni fizikia.

Chukua mfano wa spektra. Ukipitisha mwanga wa jua kwenye mche wa kioo unapata rangi za upinde wa mvua. Ukiuchunguza kwa makini zaidi utakuta mistari myembamba myeusi imekatiza hizo rangi. Kila elementi ina mistari yake, kama alama za vidole. Padre Angelo Secchi, Mjesuiti, alikaa Roma miaka ya 1860 akizipanga nyota katika makundi kwa mistari hiyo. Kazi yake ndiyo moja ya misingi ya hicho unachotaka kukisomea.

Lakini kuona mistari ni jambo moja, kuisoma ni jambo lingine. Wataalamu waliona mistari ya chuma na kalisi kwenye jua, wakasema basi jua limetengenezwa kama dunia. Akaja msichana Mwingereza, Cecilia Payne. Alikuwa Cambridge, mwaka 1919 akasikiliza mhadhara wa Arthur Eddington kuhusu kupatwa kwa jua kwa mwaka huo, na toka hapo fizikia ya nyota ikamshika. Cambridge wakati huo ilimfundisha mwanamke lakini haikumpa shahada. Akaenda Marekani, Harvard. Katika tasnifu yake ya mwaka 1925 alitumia kwantamu, iliyokuwa changa bado, kuonesha kwamba nguvu ya mstari inategemea joto, siyo wingi wa elementi peke yake. Hesabu ikatoka: nyota kwa sehemu kubwa kabisa ni haidrojeni na heli.

Henry Norris Russell, mkubwa wa fani hiyo, akamwambia haiwezekani. Naye Cecilia, binti wa miaka 25 mbele ya mzee anayeheshimika dunia nzima, akaandika ndani ya kazi yake mwenyewe kwamba jibu hilo karibu hakika si la kweli. Mwaka 1929 Russell alifika mwenyewe kwenye jibu lile lile kwa njia nyingine, akakiri kwamba binti alikuwa sahihi. Huwa nawasimulia wanafunzi wangu hadithi hii na huwa inaniuma kila mara, ile sentensi aliyolazimika kuiandika. Mwaka 1956 ndipo Harvard walipompa uprofesa kamili.

Sasa tufanye hesabu kidogo, maana somo bila zoezi ni porojo. Chukua kalamu. Kepler aligundua kwamba kwa sayari zinazolizunguka jua, mraba wa muda wa mzunguko mmoja ni sawa na kyubiki ya umbali kutoka kwenye jua, ukihesabu muda kwa miaka ya dunia na umbali kwa kipimo cha umbali wa dunia na jua. Mshtarii iko mbali mara 5.2. Zidisha 5.2 × 5.2 × 5.2, utapata 140.6. Tafuta kipeuo cha pili: 11.86. Kwa hiyo Mshtarii huchukua karibu miaka 12 kulizunguka jua, na umelijua hilo ukiwa umekaa kwenye mkeka nyumbani. Mirihi iko mbali mara 1.52. Hiyo fanya mwenyewe.

Kama zoezi hilo limekuchosha kabla hujalimaliza, binti, nakuambia kwa upendo: nyota unazipenda kwa macho, na hilo ni jambo jema, zitazame na umshukuru Mungu, ila chuo kasome kitu kingine. Kama limekufanya utake kujua kwa nini iko hivyo, na kwa nini mwezi nao haulizunguki jua peke yake, basi endelea kusoma hapa chini.

Kuhusu kupoteza imani

Baba anaogopa, na hofu yake haikutoka hewani. Kesi ya Galileo ipo. Mwaka 1633 alihukumiwa, na ilikuwa kosa. Papa Yohane Paulo wa II alilisema hilo wazi mwaka 1992. Usijaribu kuificha kesi hiyo, maana chuoni utaulizwa, na ukianza kutetea kisichoteteeka watakuona huna lingine la kusema.

Lakini ningependa umsimulie baba habari za Padre Georges Lemaître. Huyu ni Mbelgiji, aliyezaliwa Charleroi mwaka 1894. Alianza uhandisi, vita ya kwanza ya dunia ikamkuta, akapigana kama mwanajeshi wa mizinga. Aliporudi akaacha uhandisi, akachukua hisabati na fizikia, kisha akaingia seminari. Akapewa daraja ya upadre mwaka 1923, na mwaka huo huo akaenda Cambridge kusoma kwa Eddington, yule yule aliyemwasha Cecilia. Mwaka 1927 aliandika makala kwa Kifaransa, katika jarida la Brussels ambalo wachache walilisoma, akionesha kwamba ulimwengu unatanuka: galaksi ikiwa mbali zaidi, inatukimbia kwa kasi zaidi. Miaka miwili baadaye Edwin Hubble akachapisha vipimo vyake, na sheria ikaitwa kwa jina la Hubble. Mwaka 2018 wanaastronomia wa dunia walipiga kura kupendekeza iitwe sheria ya Hubble na Lemaître.

Mwaka 1931 padre huyu akaenda mbele zaidi. Kama vitu vinaachana, basi ukirudisha muda nyuma vilikuwa pamoja. Akaita mwanzo huo atomu ya kwanza. Leo watu wanauita mlipuko mkuu.

Na hesabu yake unaiweza, kaa tena na kalamu. Vipimo vya leo vinaonesha kwamba galaksi iliyo umbali wa megaparseki moja, yaani miaka-nuru milioni 3.26, inatukimbia kwa kasi ya karibu kilomita 70 kwa sekunde. Megaparseki moja ni kama kilomita 31 ikifuatiwa na sifuri 18. Gawanya kwa 70, unapata sekunde 44 zikifuatiwa na sifuri 16. Mwaka mmoja una sekunde kama milioni 31.5. Gawanya tena. Jibu ni miaka kama bilioni 14. Hesabu kamili inayozingatia kwamba kasi ya kutanuka haikuwa moja wakati wote inatoa bilioni 13.8. Si unaona, hatukukosea sana kwa watu wa kidato cha sita!

Sasa hapa ndipo pa kuwa makini, na hapa wengi wetu tunateleza. Kijana Mkatoliki akisikia kwamba ulimwengu ulikuwa na mwanzo, na tena aliyesema hivyo ni padre, anaruka: "Umeona? Sayansi imethibitisha Mwanzo sura ya kwanza!" Lemaître mwenyewe hakutaka hivyo. Mwaka 1951 Papa Pius wa XII alipotoa hotuba iliyoelekea kuiona nadharia hiyo kama ushuhuda wa uumbaji, Lemaître hakufurahi. Hakuwa anamkana Muumba, alikuwa anasali misa. Alijua tu kwamba nadharia ya fizikia inaweza kurekebishwa kesho kwa kipimo kipya, na ukiiegemeza imani yako hapo, siku kipimo kinabadilika utaanguka nacho. Kwake mwanzo wa kifizikia lilikuwa swali la fizikia. Kwamba kwa nini kuna kitu chochote badala ya kutokuwepo kitu, hilo alilipeleka altareni, siyo kwenye makala.

Alifariki Juni 1966. Muda mfupi kabla ya hapo, akiwa mgonjwa, aliletewa habari kwamba mwangwi wa ule mwanzo, mawimbi hafifu ya redio yanayotoka kila upande wa anga, umepatikana.

Kwa hiyo kwa baba jibu langu ni hili: wapo wasomi wa anga wasioamini, na wapo wanaoamini, kama ilivyo kwa mahakimu na madereva wa mabasi. Chuo kitakuuliza maswali ambayo katekesi ya kipaimara haikuyajibu. Usiende huko na imani ya darasa la sita na fizikia ya mwaka wa tatu, zitapigana na unajua ipi itashinda. Tafuta padre mlezi wa wanafunzi, soma, uliza. Na ufahamu kwamba tangu mwaka 1986 hao hao wa Vatican Observatory wanaendesha shule ya kiangazi pale Castel Gandolfo kwa wanafunzi kama 25 kila inapofanyika, wa mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza au wanaoanza ya pili, kutoka nchi mbalimbali. Hawaulizwi dini. Wanaulizwa uwezo.

Kazi

Hapa baba ana hoja, sitakudanganya. Kazi yenye jina "mwanaastronomia" ukanda wetu ni chache mno, na kwa kawaida inahitaji uzamivu, yaani ujihesabie miaka kumi hivi ya kusoma. Wengi wanaoanza hawafiki huko. Wanaishia kufundisha, hali ya hewa, mawasiliano, benki, takwimu. Siyo kushindwa huko: mtu aliyezoea kutafuta ishara ndogo kwenye kelele nyingi na kuiandikia programu, anatafutwa. Lakini umwambie baba hivyo hivyo ilivyo, usimwambie utafanya kazi NASA.

Ushauri wangu ni uombe shahada ya fizikia kama unabaki nchini, uipambe na hisabati na kompyuta, halafu astrofizikia uifuate katika shahada ya pili. Kwa jirani zetu, Chuo Kikuu cha Nairobi kina shahada ya kwanza yenye jina hilo hilo la astronomia na astrofizikia. Afrika Kusini, University of Cape Town wanaifundisha pia, na nchi hiyo ndiyo yenye darubini ya SALT kule Sutherland na sahani 64 za redio za MeerKAT jangwani Karoo. Angalia ada kabla ya kuota.

Na mtu asikuambie kwamba mambo haya ni ya Wazungu. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, ilirushwa satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya astronomia ya eksirei peke yake. Eksirei za nyota zinamezwa na hewa kabla hazijatufikia, ndiyo maana ilibidi kupanda juu. Ikarushwa hapo kwa sababu ni karibu na ikweta. Na kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, wakaipa jina la Kiswahili: Uhuru. Satelaiti hiyo iliorodhesha vyanzo 339 vya eksirei, na vipimo vyake vya Cygnus X-1 vilisaidia kuwaaminisha watu kwamba mashimo meusi yapo kweli. Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi hiyo akapata tuzo ya Nobel mwaka 2002. Mwanafunzi wa astrofizikia popote duniani analikutana na neno letu vitabuni, na wengi hawajui hata linavyotamkwa.

Jambo la mwisho nililomwambia binti ni hili. Baba yake ni mkulima. Nikamwambia asimpelekee hoja zote hizi kwanza. Asubiri usiku usio na mawingu, saa mbili hivi, amwombe watoke nje. Mwezi huu wa Januari zitafute upande wa mashariki zile nyota tatu zilizopanga mstari mmoja. Fuata mstari huo kuelekea kaskazini, juu. Utakutana na nyota yenye wekundu, endelea kidogo tena, utaona kikundi kidogo kimesongamana kama ukungu. Hicho ni kilimia. Jina limetoka kwenye kulima. Wazee walikitazama ili kujua majira, na wakasema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nyota zile ni changa, zina miaka kama milioni 100, na ziko mbali miaka-nuru kama 440: mwanga mnaouona usiku huo uliondoka kule wakati Clavius anahangaika na kalenda.

Nilimwambia: usimweleze hayo. Muulize yeye anajua nini.

Jana amenijibu. Anasema baba alikionesha kilimia kwa kidole kabla hajamaliza swali, akasimulia jinsi babu yake alivyokingoja ndipo atoe mbegu, wakakaa nje mpaka saa nne, mama akawaita mara mbili. Kuhusu ada baba hajasema kitu. Ila asubuhi alimuuliza ile hesabu ya Mshtarii inafanywaje.

Mirihi, kwa mliofanya zoezi, ni miaka 1.87.